Majani Yasiyo na Chawa

Hori lilikuwa bado na majani. Ndilo jambo la kwanza lililompa moyo Inspekta Adventina asubuhi ile, maana kila kitu kingine katika banda la ng'ombe la kikundi cha akina mama kilikuwa kimekwisha kukanyagwa, kufagiliwa na kumwagiwa maji na watu waliokuja kutoa pole. Askari waliotangulia jana walichukua mtuhumiwa na mundu wake, wakaondoka. Majani hawakuyaona. Majani nani anayaona?

Nje ya ukuta, ng'ombe wawili wa maziwa walikuwa wamelala chini ya turubai, miguu imenyooka kama ya meza iliyopinduliwa. Wa tatu alisimama kwenye kona, kichwa chini, ngozi ikimtetemeka.

"Usiyaguse kwa mkono mtupu," alisema Revocatus, daktari wa mifugo wa wilaya. Akampa glovu ndefu ya plastiki iliyomfika begani.

"Hii ya kazi gani?"

"Ya kupandishia ng'ombe. Serikali imeniachia hizi tu."

Adventina akaivaa bila kucheka. "Una hakika ni sumu?"

"Povu mdomoni, mboni za macho zimekuwa ndogo kama tundu la sindano, misuli inarukaruka. Ni dawa ya pamba, ile ya kuulia wadudu, afande. Huyu wa tatu alikula kidogo, nimemchoma sindano, labda atapona. Tangu waanze kuuza dawa ile kwenye chupa za soda, nimezika mbuzi wengi kuliko niliowatibu."

Zamani dawa ya pamba ilitoka kwenye ghala la ushirika, ikaja na bwana shamba, na bwana shamba akaja na maneno makali: nawa mikono, funga mbuzi, usile shambani. Sasa ni soko huria. Bwana shamba amepunguzwa kazini, dawa imebaki, na onyo limekwenda naye.

Mtuhumiwa alikuwa Maige, mkata majani wa kikundi, mzee wa nywele nyeupe. Jalada lilisema hivi: Maige aligombana na akina mama kwa sababu mizigo yake ya majani ilikuwa midogo. Wakamtishia kumwachisha kazi. Akajibu mbele ya mashahidi, "Mtanikumbuka." Juzi akaleta mzigo mkubwa kuliko yote ya mwaka huu. Ng'ombe wakala, ng'ombe wakafa. Kesho angepandishwa kizimbani kwa kuua mifugo kwa makusudi, na kwa umri wake, kifungo cha kosa lile hakingemrudisha nyumbani akiwa hai.

Mwenyekiti wa kikundi, Teodora, aliingia bandani na kanga imefungwa kiunoni kama mtu aliyejiandaa kwa ugomvi.

"Mnatafuta nini tena? Mtu mmekwisha kumkamata."

"Natafuta alikoyatoa majani, mama."

"Shambani kwetu! Angeyatoa wapi? Miti yetu ya lusina ile pale chini, kila mtu anaiona." Akamtazama Revocatus, kisha Adventina. "Kwa hiyo wametuletea Wahaya wawili kutufundisha lusina. Mngekuja kutufundisha ndizi, tungesikiliza."

"Ndizi tutafundishana siku nyingine," alisema Adventina. "Nipeleke shambani."

Shamba la lusina lilishuka kutoka bandani hadi karibu na maji, katikati ya mawe makubwa. Kutoka juu lilionekana kama lililopitiwa na moto. Matawi yalikuwa mekundu-kijivu, ncha zake zimejikunja, na kwenye majani machache yaliyosalia kulikuwa na masizi meusi, kama vile mtu alikuwa amepikia chini yake. Mbele zaidi ziwa lilifunikwa magugumaji hadi mahali ambapo zamani watu walichota maji.

"Sumu hiyo," alisema Teodora. "Tazama miti ilivyokufa. Ameimaliza yote, mwanaharamu yule."

Adventina alikata ncha ya tawi moja, akatoa karatasi nyeupe mkobani, akaligonga tawi juu yake. Karatasi ikajaa uhai. Vidudu vidogo vya rangi ya kijanikibichi na manjano vikarukaruka kama punje za mtama kwenye kikaango. Vingine vikamrukia usoni. Teodora akajipiga shingoni.

"Hawa ndio wameimaliza," alisema Revocatus. "Chawa wa lusina. Huu mwaka wa pili tangu waingie huku. Wanafyonza utomvu kwenye ncha, pale jani linapozaliwa, kwa hiyo jani halikui. Wanachokunywa kinazidi, wanakitoa nyuma kikiwa kitamu kama asali, kinadondokea majani ya chini. Ukungu unaota juu yake, ndiyo masizi unayoyaona."

"Wanadhuru ng'ombe?"

"Hapana, hata ukimlisha kilo nzima. Hawana sumu."

"Wakikosa lusina wanakula nini?"

"Wanakufa. Hawa si panzi, afande. Wana mti wao mmoja. Uweke mchungwa hapa, uweke mwembe, watakaa kupumzika tu. Kuzaa na kula ni kwenye lusina."

Adventina alitazama miti ile yote. Kisha akapiga hatua, akagonga tawi la mti mwingine, halafu wa mstari wa pili, halafu wa chini kabisa karibu na mawe. Kila mahali karatasi ilirukaruka.

"Mama Teodora, dawa ya pamba inaua wadudu?"

"Si ndiyo kazi yake?"

"Basi kama Maige alinyunyiza sumu hapa, hawa mbona wanacheza ngoma?"

Teodora akavuta tawi jingine, akaligonga mwenyewe.

Walirudi bandani. Adventina aliinama kwenye hori, akachukua kwa mkono wa glovu tawi moja katika yale yaliyobaki. Lilikuwa refu. Ncha yake ilikuwa laini, imenyooka, majani yamekaa pande mbili kama manyoya, mabichi. Aliligonga juu ya karatasi mpya. Hakuna kitu kilichoruka. Aligonga la pili, la tatu. Vumbi kidogo, basi.

"Hakuna masizi," alisema. "Hakuna utamu unaonata. Hakuna chawa. Mwaka huu, Mwanza nzima, ni nani mwenye lusina ya namna hii?"

"Hakuna," alisema Revocatus polepole.

"Yupo. Na huyo ndiye ninayemtafuta. Tulikuwa tunatafuta sumu kwenye miti iliyokauka. Sumu iko kwenye mti unaopendeza."

*

Chumba cha mahojiano cha kituo kilikuwa na meza moja na madirisha ya nondo. Maige aliletwa bila mkanda na bila viatu. Adventina alisimama.

"Shikamoo, mzee."

Mzee alishangaa kidogo. "Marahaba."

Akaketi. Adventina aliweka mbele yake vijiti viwili vilivyofungwa kwenye mifuko ya plastiki, kimoja kilichojikunja chenye masizi, kingine kirefu cha kijani.

"Umekata majani miaka mingapi, mzee?"

"Tangu ng'ombe wa kwanza wa kikundi."

"Basi unanizidi. Hiki kimetoka wapi?" Aligusa kile cha masizi.

"Shambani kwetu."

"Na hiki?"

Maige alikitazama. Macho yake yalikwenda dirishani, yakarudi.

"Shambani kwetu."

"Mzee, shambani kwenu nimegonga miti hadi mkono umeniuma. Hakuna tawi kama hili."

"Lilikuwa moja. Nikalikata. Ndiyo maana hulioni."

"Mzigo mzima lilikuwa moja?"

"Mungu anaweza."

"Mungu anaweza, lakini ng'ombe wamekufa. Uliyakata wapi?"

"Shambani."

"Kesho unapelekwa mahakamani. Wanasema uliwaua kwa hasira. Wewe hukuwapenda?"

Hapo mzee aliinua uso kwa mara ya kwanza. "Yule mwekundu nilimpokea mwenyewe alipozaliwa, afande. Miguu ilitangulia. Nililala naye bandani." Akakunja mikono. "Nimekata shambani."

Adventina hakugonga meza. Aliandika jibu kama lilivyotoka, akamrudisha mahabusu, akakaa peke yake na vijiti viwili. Mtu aliyeua huwa na hadithi iliyopambwa. Huyu hakuwa na hadithi. Alikuwa na neno moja, na alilishika kama mtu anayeshikilia mlango kwa nje.

Alikuwa anaogopa kitu kingine, wala si sumu.

*

Mchana Adventina na Revocatus walifuata barabara ya vumbi kutoka bandani, kwa miguu, maana gari la kituo lilikuwa bovu, limewekwa juu ya mawe. Mzee mwenye mzigo kichwani haendi mbali. Walitafuta kijani.

Walikipata upesi kuliko walivyotazamia. Nyuma ya parokia kulikuwa na mstari wa miti yenye majani ya manyoya, mibichi, imeshiba. Adventina aliongeza hatua. Aligonga tawi: hakuna chawa. Alivaa glovu ndefu.

"Vua," alisema Revocatus. Alikuwa ameokota ua lililoanguka, jekundu, lenye nyuzi kama brashi ya kunyolea. "Lusina inatoa kijimpira cheupe. Hii ni kaliandra, ukoo mmoja na lusina, lakini chawa wetu hawaijui. Hapa hawakuuawa na mtu. Hawajawahi kuishi hapa."

"Kwa hiyo kukosekana kwao hapa hakusemi kitu."

"Hakusemi kitu. Ila mapadre wana bahati."

Waliendelea. Nyumba tatu zilikuwa na lusina uani, zote zimekauka, zote zimejaa wageni wanaoruka. Kisha barabara ikapinda kuzunguka jabali, na kinu cha pamba kikatokea.

Sisi tunaokumbuka tunakikumbuka kinu kile kikinguruma. Wakulima walilala nje na mikokoteni yao wakisubiri zamu, na kinu kilikuwa chao, kwa hati na kwa jasho. Baadaye ushirika ukafilisika, mali zikauzwa, na aliyenunua kinu alikuwa Alexander, yule yule aliyekuwa meneja wake. Hakuna aliyeuliza meneja wa mali iliyofilisika anapata wapi nguvu ya kuinunua. Ilikuwa enzi ya ruksa.

Kando ya barabara, kuzunguka uwanja mzima, kulikuwa na ua wa miti ya lusina. Ulikuwa wa kijani kutoka mwanzo hadi mwisho.

Adventina aligonga. Hakuna aliyeruka. Aligeuza jani juu chini, na hapo akawaona: vijidudu vya manjano vimekauka, vimenata kwenye mshipa wa jani kama vumbi la mbao. Revocatus alisogeza pua, akairudisha nyuma haraka.

"Ndiyo yenyewe."

Upande wa barabara, kwenye usawa wa mkono wa mtu, matawi yalikuwa yamekatwa. Mikato mingine ilikuwa ya kale, imepona na kufanya vifundo juu ya vifundo, ya miaka na miaka. Mingine ilikuwa mipya, imekatwa kwa mshazari, safi, kazi ya mundu mkali katika mkono unaojua. Adventina alikusanya majani kwenye mifuko, akaandika mahali yalipotoka, akamfanya Revocatus atie sahihi kama shahidi.

Mlinzi alikuja kutoka getini. Kifuani alikuwa na kibandiko cha jina: Ngosha.

"Jamani, hapo haparuhusiwi."

"Polisi. Nani ananyunyiza huu ua?"

Ngosha alitazama nyuma yake. "Mimi, kwa bomba. Wadudu walikuwa wanaruka hadi ofisini, wanaingia kwenye chai ya wageni. Bosi akachukia. Kwanza tukatumia sabuni na majivu, ikasaidia, ua ukachipua vizuri. Wakarudi. Wiki hii akafungua mapipa ya ushirika yaliyobaki ghalani."

"Mapipa ya dawa ya pamba?"

"Ndiyo hayo hayo. Ya wakulima, yale ambayo hawakugawiwa."

"Na watu wanaokata majani hapa? Usiniambie huwaoni. Hii mikato inazungumza."

Mlinzi alishika kifundo kimoja. "Afande, huu ua tuliupanda. Mama yangu alibeba miche ndani ya kanga yake. Bosi mwenyewe alikuwa meneja, alisimama pale akasema: huu ni ua wa wanachama, kateni mlishe mifugo yenu. Tangu siku ile watu wanakata. Mwaka jana akaweka waya upande wa ndani wa ua, akasema atakayekata ni mwizi, akamfunga kijana mmoja miezi sita. Tangu hapo wanakuja alfajiri. Mimi naangalia ziwani."

"Hukuwaonya kuhusu dawa?"

"Ningemwonya nani?" Sauti yake ilipanda. "Nipite nyumba kwa nyumba nikiuliza, hodi, humu kuna mwizi wa majani? Nani angejibu yupo?"

Adventina aliandika maneno yale kama yalivyo. Mlango aliokuwa ameushikilia Maige ulikuwa huo: hofu ya kuitwa mwizi.

*

Alexander aliwapokea ofisini, chini ya feni. Alikuwa mtu wa sauti laini, na miwani yake aliivua kila alipotaka kuaminiwa.

"Dawa nimenyunyiza, sikatai," alisema. "Ni usafi wa eneo langu. Hao ng'ombe wamekufa kwa sababu mtu aliiba majani yangu akawalisha. Yaandike hayo, Inspekta. Mzee wenu si muuaji, sawa, nafurahi. Ni mwizi. Namshitaki kwa wizi."

"Majani ni mali yako?"

"Ya nani tena?"

"Vizuri." Adventina alifungua kalamu, akaandika taratibu, akisoma kwa sauti. "Mimi Alexander, mwenye kinu, nasema ua wa lusina ulio kando ya barabara ni mali yangu. Niliamuru unyunyizwe dawa ya pamba. Nilijua watu hukata majani hapo kulisha mifugo, maana nimewahi kumfunga mmoja wao. Sikuweka alama wala sikumwambia jirani yeyote." Akamsogezea karatasi. "Nimekosea wapi?"

Alexander alivua miwani. "Wizi na dawa ni mambo mawili."

"Ni majani yale yale, mzee wangu. Siwezi kuandika kwamba ni yako yalipoibwa, si yako yalipoua."

Feni ilizunguka. Alexander aliisoma karatasi mara ya pili, midomo ikitembea. Alikuwa akihesabu fidia: ng'ombe wa kisasa wawili, wa tatu anatetemeka, na akina mama thelathini nyuma yao.

"Kwa kweli," alisema mwishowe, "ukiangalia hati ya mauzo, nilinunua hadi pale nilipokuja kuweka waya. Ua uko nje ya waya."

"Kwa hiyo si wako."

"Niliukuta."

"Basi Maige hakuiba kwako."

"Hakuniibia," alisema Alexander, kwa haraka ya mtu anayevuka barabara.

"Na wewe ulitia sumu kwenye miti isiyo yako, kando ya njia ya watu. Hilo litakuwa na jalada lake."

"Nitampigia mkuu wako."

"Mpigie. Mimi nitakuwa mbele yake na mifuko hii kabla hajakata simu."

Alexander alitazama mifuko ya majani juu ya meza yake, kisha akachukua kalamu. Aliyekuwa amenunua mashine, ghala, mizani na mapipa, aliukana ua kwa sahihi ndefu na nzuri.

Wakitoka, Adventina alimwambia Ngosha afunge kamba nyekundu kuzunguka ua wote, na apite nyumba kwa nyumba.

"Sasa waambie. Hakuna mwizi tena, kwa hiyo watakujibu."

*

Mkuu wa upelelezi alisoma, akaguna, akasoma tena. Jioni, jua likiwa bado juu ya mawe, Maige alirudishiwa mkanda na viatu. Alipofika kaunta alimkuta Teodora amesimama, kanga imefunguliwa kiunoni na kutandwa mabegani kama ya msibani.

"Mzee Maige," alisema Teodora. "Nilikutukana mbele ya watu."

"Nilisikia."

"Kwa nini hukusema ulikata kwenye ua? Siku zote hizi! Ungesema, tungejua."

"Ningesema, wangenifunga kwa wizi." Alikuwa anahangaika na tundu la mkanda. "Hilo la sumu nilijua ni uongo. Nikasema moyoni, labda mtu atauona. Lakini majani niliyakata kweli, mama. Mlisema mizigo yangu ni midogo. Nikaenda pale kulipokuwa na mazuri."

Teodora alifunika mdomo kwa ncha ya kanga. Adventina alijifanya anatafuta mhuri.

"Yule wa tatu?" aliuliza Maige.

"Amesimama. Daktari anasema atapona, lakini hajala tangu juzi. Tunaogopa kumpa chochote. Anakungoja wewe, ukamkatie."

Mzee alichukua mundu wake kaunta, akapima makali kwa kidole gumba, akageukia mlango. Hapo akasimama. Alimtazama Teodora, kisha Adventina, kama mtu anayewauliza wote wawili na serikali yao nyuma yao.

"Nikamkatie wapi?"